Mwaka Maturubai Yote Yalipofiwa

Turubai halina mume, halina mjomba, wala halijui njia ya makaburini. Hata hivyo mimi ni shahidi kwamba kuna Ijumaa moja ambapo maturubai kumi na moja ya Bi Somoe, yakiwa yamekunjwa vizuri stoo, yalifiwa yote kwa mpigo. Nakumbushwa haya na Neema, aliyekuja kunitembelea mwezi uliopita baada ya miaka mingi ya kuniambia kwenye simu "nakuja, Hawa, nakuja", maneno ambayo sisi tuliokulia sokoni tunayachukua kama bei ya kuanzia. Safari hii alikuja kweli. Nilimchemshia ming'oko, viazi vyetu vya porini, nikaweka chumvi pembeni na changu wa kukaanga, akala kama mtu asiye na nauli ya kurudi. Kisha akafungua laptopu mezani kwangu, maana mwenzake wa ofisini huko Dodoma alikuwa amekwama na tovuti ya mteja. Kioo kikajaa maandishi mekundu. Neema akayasoma, akanitazama, tukaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. "Kaliuliza Turubai," akasema. Nikamjibu, "Mwambie aulize turubai la nani." Mume wangu alitutazama, akavuta sahani ya samaki upande wake, akaendelea kula. Ni mtu mwenye busara.

Mwaka ninaousema ni ule ambao mji ulikuwa umejaa wageni wa gesi, kila mwenye chumba anakipaka rangi na kila mwenye Kiingereza cha kuombea maji anajiita mkalimani. Mimi nilikuwa nauza viatu vya mitumba sokoni, na nilikuwa naviuza vizuri, maana nilikuwa na tabia ambayo sijaiacha hadi leo: kila kitu nakihesabu mara mbili, hata vidole vya mgeni. Neema alikuwa mtoto wa bara, amemaliza chuo, amekuja Mtwara nyuma ya mama yake aliyehamishiwa huku kufundisha. Tulijuana kwa kugombana. Alitaka viatu vya ngozi kwa bei ya kandambili, nami nikamwambia bei hiyo ipo, ila viatu vyake bado havijazaliwa. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na siku ya nne akanichukua mimi mwenyewe badala ya viatu. Alisema anatengeneza tovuti na anahitaji mtu mbishi wa kuijaribu, mtu wa kubonyeza pale asipotakiwa kubonyeza. Nilimuuliza kama kazi hiyo ina chakula cha mchana. Ikawa na chakula cha mchana. Meza yangu sokoni nikamwachia mwenzangu wa jirani, naye alizitandaza bidhaa zake kabla sijafika barabarani.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha saluni ya msusi aitwaye Tatu, pale Rahaleo. Kati yetu na wasukwao nywele palikuwa na pazia la maua lililofupishwa na jua, kwa hiyo sisi tuliwaona miguu nao walituona miguu, na maneno yalipita bila kulipa ushuru. Tulikuwa na kompyuta moja ya mezani iliyokuwa inahema kama mbuzi wa Idi, ndiyo iliyobeba tovuti nzima, na laptopu ya Neema iliyokuwa imepoteza herufi tatu. Harufu ya chumba kile siwezi kuisahau: mafuta ya nazi, nywele zilizounguzwa kidogo, na mchana, Tatu akishaweka jiko uani, kisamvu cha karanga. Tulikula watu watatu kwenye sinia moja, ugali wa muhogo, na ukichelewa kwa sababu ya kompyuta unakuta upande wako umeliwa hadi kwenye mpaka wa jirani. Huko nyuma ya pazia ndiko nilikojua habari zote za Rahaleo: nani kaachwa, nani karudiwa, nani anaringa kwa nywele za kuazima. Siku hizi nina ofisi yenye kiyoyozi na mlango wa kioo, na kusema kweli sijui lolote kuhusu majirani zangu.

Mteja wetu alikuwa mmoja tu, nami nilimhesabu mara mbili nikakuta bado ni mmoja. Bi Somoe wa Mikindani aliongoza kikundi cha akina mama wanaokodisha vifaa vya shughuli: maturubai, majamvi, masufuria ya pilau. Kila turubai lilikuwa mali ya mama mmoja na liliitwa kwa jina lake. Msimu wa ngoma, shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili na wali, mabinti waliofundwa ndani, wanatolewa, simu ya Bi Somoe ilikuwa haipoi. Kwa hiyo Neema alimjengea tovuti ili mtu wa Mtawanya au wa Msimbati afungue simu yake, aone turubai gani liko huru Jumamosi gani, alishike. Na kikundi kilikuwa na mwiko wake, ambao Bi Somoe aliusema siku ya kwanza kabla hata ya salamu kuisha. Turubai lililotoka msibani haliendi ngomani. Linaoshwa, linaanikwa, linapumzika mpaka wiki igeuke, ndipo linatoka tena. "Huwezi kumtoa mwali chini ya kivuli kilichotoka kulia," alisema. "Nyie wa bara sijui mnafanyaje. Huku kwetu turubai nalo lina haya." Neema akasema, "Sawa, Bi, litapumzika," akaandika.

Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno klasi. Neema alinieleza akiwa na kijiko mdomoni, na mwanzoni sikuelewa kitu. Alisema kwenye msimbo, maandishi yanayoiamuru mashine, kuna Turubai lenyewe kama aina, ndiyo klasi, yaani maelezo ya mambo ambayo kila turubai linayo: jina, mwenyewe, ukubwa, hali. Halafu kuna turubai hili na turubai lile, yaliyozaliwa kutokana na maelezo hayo. Kuna maswali unayoiuliza aina, na kuna maswali unayoliuliza turubai moja lililo mbele yako. Nikamwambia, "Mbona rahisi? Hata mimi sokoni namjua 'mteja'. Najua mteja hapendi kudanganywa, najua mteja lazima aanze kwa kuondoka. Ila ukiniuliza mteja anavaa kiatu namba ngapi, nitakuuliza mteja yupi." Neema akatoa kijiko. "Rudia," akasema. Nikarudia, nikamwomba nyongeza ya kisamvu kwa sababu ya kurudia.

Sasa kulijua jambo na kulitenda ni majirani wasiosalimiana. Kitambo kabla ya msimu, Neema aliandika ule mwiko wa Bi Somoe kama kitendo kimoja, akakiita pumzisha. Mchana mmoja tulipokijaribu, kioo kikawa chekundu. Mashine ilisema, kwa Kiingereza chake cha mkato, kwamba klasi ya Turubai haijui kitendo hicho. Ilikuwa na haki. Neema alikuwa ameiambia aina ipumzike, badala ya kwenda kwanza kulichukua turubai fulani na kuliambia lenyewe. Lakini jua lilikuwa kali, sinia lilikuwa tayari uani, na Tatu alikuwa anaita kwa mara ya pili. Neema akatafuta njia fupi: akaongeza neno moja dogo mbele ya kile kitendo, neno linalokifanya kiwe cha klasi yenyewe. Wekundu ukatoweka. Tukashangilia, mimi nikijaribu mara moja na mara ya pili, na mara zote mbili turubai likapumzika vizuri. Kwenye majaribio yetu tulikuwa tumesajili turubai moja tu. Ukilihesabu moja mara mbili, unapata moja, na unakwenda kula.

Msimu ukaingia. Jumatano ya wiki ile ya wali, turubai moja likarudi kutoka msibani Msimbati, Bi Somoe akalibonyeza lipumzike kwenye simu yake kama tulivyomfundisha. Nikiwa natazama kioo, nikaona maturubai yote yamegeuka: linapumzika, linapumzika, linapumzika, kumi na moja. Kabla sijamvuta Neema mkono, na kabla tovuti haijamtumia mtu ujumbe, umeme ukakatika, na saluni nzima ikaguna. Uliporudi, kompyuta ikaamka, nikafungua ukurasa: huru, huru, huru. "Si unaona," Neema akasema, "ilikuwa joto tu." Nikahesabu. Kumi na moja huru. Nikahesabu tena. "Neema, yanatakiwa kuwa kumi. La Msimbati linapumzika." Akanitupia mkono. "Libonyeze mwenyewe kesho. Joto, Hawa, joto." Sikubonyeza. Jumatano ile tulikula pweza, na pweza wa Tatu alikuwa na uwezo wa kumsahaulisha mtu ahadi kubwa kuliko hiyo.

Ijumaa asubuhi turubai la Mama Anna likarudi kutoka msibani Mtawanya. Mama Anna alikuwa karani wa bandarini, mwimbaji wa kwaya, na turubai lake la buluu ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Bi Somoe akalibonyeza. Maturubai yote kumi na moja yakaingia msibani, na tovuti, kwa utii wake wote, ikawatumia ujumbe watu wote walioshika Jumamosi: samahani, turubai lako halitapatikana. Mama Zuhura wa Mikindani alipokea wake mikono ikiwa ndani ya mchele. Binti yake alikuwa anatolewa kesho yake, na wageni walikuwa wameshavuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji, wengine wakiwa na kuku.

Bi Somoe hakupiga simu. Tulisikia salamu zake saluni, tukaona miguu yake chini ya pazia, halafu pazia likafunguka. "Neema, mwanangu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Hakuna aliyekufa, na maturubai yangu yote yanalia? Ntoto wa Mama Zuhura kakaa ndani mwezi nzima, kesho atoke juani kama dagaa?"

"Nizime mashine niiwashe, Bi, yatarudi," Neema akasema, mkono ukiwa tayari kwenye swichi.

"Usizime," nikasema. "Ukizima yanakuwa huru yote, hata la Mama Anna. Mtu wa kwanza kulishika ndiye atakayelipeleka ngomani na machozi yake." Bi Somoe alinitazama kama ameona kiti kinaongea. Kisha akakaa juu ya ndoo ya maji, akatupa sharti lake. Akisikia adhana ya alasiri na maturubai bado yanalia, anarudi kwenye simu na mdomo, tovuti haitaki tena, na sisi tutafute kazi nyingine. Nikamwambia magharibi. Akasema alasiri. Nikamwambia basi tukutane kati, saa kumi na moja. "Alasiri," akasema, "ila baada ya sala, siyo kabla. Nisiseme nimewaonea." Ndiyo nafuu pekee niliyoipata, nami niliipokea kwa mikono miwili, maana nilikuwa najua meza yangu sokoni ina mwenyewe sasa, na Neema alikuwa anajua kwamba bila mteja huyu hakuna sababu ya kubaki Mtwara.

Saa zilizofuata zilikuwa mbaya. Neema alisoma msimbo wake kutoka juu hadi chini na haukuwa na wekundu popote. Kila kitu kilikuwa kimevaa vizuri na kimechana nywele. Mimi nilikuwa namuuliza maswali ya kipumbavu kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Kwa nini umeme ukikatika msiba unaisha? Akasema labda hali ile haijaandikwa kwenye hifadhi, imekaa tu kichwani mwa mashine. Kichwani mwa nani? Akaanza kusoma upya kutoka juu. Tatu alileta mihogo na chachandu, ikapoa. Upande wa pili wa pazia kulikuwa na mteja anakataa kusuka. Alisema jirani yake Rukia amefiwa na mume, yuko eda, kwa hiyo na yeye anaona vibaya kujipamba.

"Shoga," Tatu akamwambia, "anayekaa eda ni Rukia. Wewe nani kakuweka?"

"Ukuta wetu mmoja, Tatu."

"Ukuta mmoja, lakini mume alikuwa wake! Kaa hapa nikusuke. Ukitaka kulia, nenda kalie naye, ila usijiongeze kwenye msiba wa watu."

Saluni ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikamshika Neema bega nikamwambia, "Nani kafiwa humo ndani? Turubai la Mama Anna, au Turubai?" Akageuza shingo polepole. Kisha akapanda juu ya msimbo hadi lilipokuwa lile neno dogo la siku ya sinia, akaliwekea kidole kwenye kioo, na kioo kikabaki na alama ya chachandu. Tulikuwa tumeiambia aina ndiyo ikae eda. Msiba haukuwa umekaa kwenye turubai lolote. Ulikuwa umekaa kwenye jina ambalo yote kumi na moja yanalitumia, kwa hiyo kila moja likiulizwa hali yake, linajibu kwa ukuta mmoja.

Neema akalifuta lile neno. Kioo kikawa chekundu chote, na mimi, ambaye miezi ile nilikuwa nimejifunza kuuchukia wekundu, nikamwona anapiga makofi. "Angalia," akasema, "sasa inatuonyesha kila mahali tulipoiuliza klasi." Tukazifuata sehemu zile moja baada ya nyingine, mimi nasoma mstari, yeye anaandika: kwanza lichukue turubai lenyewe kwa jina lake, halafu liambie lipumzike, halafu hali hiyo iandikwe kwenye hifadhi chini ya jina hilohilo, ili umeme ukikatika lisidhani limefarijiwa. Neema kwa toba yake alizidisha. Alihamishia kila kitu kwa turubai mojamoja, hata ule mstari wa ukurasa wa mbele unaosema maturubai mangapi yapo huru. Wekundu tena, safari hii kwa kosa la kinyume. "Na hili la Mama Anna litajuaje mangapi yapo huru?" nikamuuliza. "Lenyewe limelala uani." Hilo swali likarudishwa kwa klasi, mahali pake halali. Tukasajili maturubai yote kumi na moja kwenye majaribio. Tukalifiwisha moja, la Mama Anna. Kumi huru. Nikahesabu tena. Kumi. Nikainama nikachomoa waya wa kompyuta ukutani, Neema akapiga kelele, nikauchomeka, tukasubiri mbuzi wetu aheme. La Mama Anna lilikuwa bado linapumzika. Tukaihamishia kazi ile kwenye tovuti yenyewe, tukayapumzisha mawili tu, la Mama Anna na lile la Msimbati.

Bi Somoe alirudi sala ilipokwisha, kanga mabegani, hana haraka. Hakutaka maelezo. Alitoa simu yake, akasema, "Lifiwishe langu. Mbele yangu." Neema akalibonyeza. Bi Somoe akapitisha kidole kwenye orodha akinong'ona majina ya wenzake, la Mama Anna linapumzika, la Binti Chande huru, akafika mwisho, akaanza upya kutoka juu. Nikampenda ghafla, nilikuwa sijawahi kukutana na mtu mwingine anayefanya hivyo. "Haya lifufueni langu," akasema, "na muwapigie watu wote simu kwa mdomo. Ujumbe wenu huo hauaminiki leo." Nikamuuliza kuhusu mkataba wetu. "Jumatatu nitasema."

Tulipiga simu mpaka sauti zikakwaruza. Jumamosi tulikwenda Mikindani wenyewe, Neema akiwa amevaa gauni la kanisani kwa sababu hakujua mtu anavaa nini ngomani. Mwali alitolewa chini ya turubai la kijani, amefunikwa kanga mpya, vigelegele vinapasua masikio, wageni wa kutoka ng'ambo wakipiga makofi kwa mdundo wa kwao, na kina mama wakimtania Neema kwamba mtoto wa bara anacheza kama anakanyaga siafu. Mama Zuhura alitujazia sahani mara mbili, hakutaja ule ujumbe hata kidogo. Bi Somoe alikuwa upande wa pili, na kila nilipomtazama alikuwa anatazama kamba za turubai.

Jumatatu walikuja wote. Saluni haikutosha, Tatu akafungua pazia akalifunga fundo juu, na kina mama wakaingia kwenye chumba chetu wakinusa kompyuta. Kila mmoja alitaka kuona la kwake. Neema alikuwa anaandika jina, turubai linatokea, mwenyewe anaguna kwa kuridhika kama ameonyeshwa picha ya mjukuu. Lilikodishwa wapi, linarudi lini, liko huru lini. Mama Anna alikuwa wa mwisho, amepitia akitoka bandarini, kitambulisho bado shingoni.

"La kwangu liko wapi?"

Neema akaandika. Kwenye kioo, chini ya lile la Msimbati lililobakiza siku mbili, likatokea lile la buluu: linapumzika, mpaka Ijumaa.

"Mtu wa Msimbati analitaka Alhamisi," Bi Somoe akasema, akitutazama sisi, siyo Mama Anna. "Harusi kubwa. Anaomba tulipitishe tu."

Nikatazama kioo, Neema akanitazama mimi. "Lina siku yake, Bi," nikasema. "Apewe jingine. Hili halijamaliza."

Mama Anna akavuta kitambaa, akajifuta jasho la usoni, akakaa nacho machoni muda kidogo zaidi ya jasho lilivyohitaji. Aliyezikwa Mtawanya, ndiyo kwanza nikaambiwa, alikuwa mwenzake wa kwaya. "Liacheni," akasema. "Limelia sana lile."

Bi Somoe akajifunga kanga vizuri, akageukia mlangoni, na bila kusimama akatuambia neno moja: "Endeleeni."